Imbwa ya sifa ao imbwa ya kazi?



Musimu uliopita tulikwenda katika mukutano wa koperative moja kuzungumuza juu ya bei ya mahindi na magunia. Tulikaa saa tatu, na saa mbili kati ya zile zilimalizika juu ya imbwa. Papa mumoja alikuwa amenunua imbwa kubwa katika muji, dola 120. Muuzaji alimuonyesha karatasi yenye mihuri na picha ya baba ya ile imbwa, medali shingoni. "Hii iko damu ya bingwa," ndivyo alimuambia. Shamba ya ule papa iko kando ya pori, na makako wanamumaliza kila mwaka. Basi imbwa ya dola 120 ikafika kijijini. Ilikula vizuri, ilibwekea kila mutu aliyepita na kinga, na siku makako waliingia mu mahindi ilibaki imelala kwenye kivuli.

Mama mumoja aliyekaa nyuma akacheka kwanza, kisha akasema: "Papa, yangu haina karatasi. Lakini mama yake ilikuwa inafukuza makako, nyanya yake pia ilikuwa inafukuza. Na watoto wangu wako ku masomo."

Kelele ikaanza. Wamoja walisema imbwa ya kazi ni bahati tu. Wengine walisema ni dawa ambayo unaitia mu pua. Wengine walisema ni kuipiga na kuinyima chakula ili ikuwe kali. Mwishoni komite ikatugeukia sisi wagronoma: "Munyi mulisoma. Imbwa ya kazi inachaguliwa namna gani?" Siku ile hatukujibu vizuri. Ku shule ya kilimo tulifundishwa muhogo, mahindi, mbuzi na ngombe, imbwa hapana. Tuliahidi kutafuta na kurudi. Hii ndiyo jibu yetu, na ndani yake kuko maoni yetu ambayo hatuyafichi.

Tunasema mapema kwamba jambo hili si la muchezo. Katika vijiji vyenye kupakana na pori, sisi wote tunajua nani analinda shamba wakati mahindi inaanza kukomaa. Ni mutoto. Anaamka mbele ya jua, anakaa ku kibanda na debe na fimbo, na mwalimu anaandika "hayuko" wiki tatu, wiki ine. Imbwa moja yenye kufanya kazi kweli inaweza kurudisha ule mutoto ku masomo. Imbwa ya sifa haiwezi, hata ikiwa na medali kumi.

Wenye walihesabu mbele yetu

Tulitafuta mahali ambapo watu wamechagua imbwa kwa kazi moja tu, kwa miaka mingi, na wakaandika walichokiona. Tuliwakuta Marekani, kati ya watu wa mashamba wanaopenda kuwinda usiku.

Kule kuko nyama moja inaitwa rakuni. Ukubwa wake ni kama imbwa ndogo, mukia wake uko na pete nyeusi, na machoni iko na alama nyeusi kama kitambaa cha mwizi. Na kweli ni mwizi. Inatembea usiku, inapanda muti vizuri, inaiba mayai na kuku, na inapenda sana mahindi mabichi yenye maziwa. Inaangusha muhindi, inauma kidogo, inatupa, inakwenda ku mwingine. Munaona? Simbiliki na makako wako na ndugu yao ng'ambo ya bahari.

Kwa nyama hii Wamarekani wamefuga imbwa za pekee. Kazi ya imbwa ile si kuua. Kazi yake ni kutafuta harufu usiku, kuifuata, kulazimisha rakuni ipande muti, kisha kusimama chini ya ule muti na kulia bila kuacha mpaka mwenye imbwa afike na taa. Kuko aina sita zinazojulikana: Black and Tan, Redbone, English, Bluetick, Treeing Walker na Plott. Shirika moja linaloitwa United Kennel Club, lililoanzishwa mwaka 1898, linaandika vizazi vyao katika kitabu. Black and Tan iliingia katika kitabu kile mwaka 1900, ikiwa ya kwanza kati ya imbwa za rakuni.

Mianzo ya aina hizi inafundisha. Mwaka 1750 kijana Johannes Plott alitoka Ujerumani na imbwa za kuwinda ngurube ya pori. Ukoo wake ukaendelea kuzifuga katika milima ya North Carolina, ambako zilifuata dubu, na leo bado zinaitwa kwa jina lao. Pale tunaona ukoo mumoja wenye uvumilivu, baba akimuachia mutoto imbwa na maarifa pamoja.

Treeing Walker iko na historia ya namna ingine kabisa. Katika miaka ya 1850, dume moja ilitoka Tennessee ikaingia Kentucky. Walisema iliibiwa. Hakuna aliyejua baba yake wala mama yake, na kwa sura haikufanana na imbwa za wafugaji wa pale. Lakini iliposikia harufu ya nyama ilikuwa na mbio, na akili, na haikuchoka. Waliiita Tennessee Lead, wakaipandisha na majike yao, na leo damu yake iko katika Treeing Walker, moja ya aina zenye jina kubwa katika mashindano. Hapakuwa karatasi wala medali. Waliangalia kazi ya imbwa yenyewe, kisha wakaangalia kazi ya watoto wake.

Mashindano yao yanaendeshwa namna gani

Usiku, watu wane wanaingia mu pori, kila mumoja na imbwa moja, pamoja na muamuzi. Wanaziachilia zote kwa wakati mumoja. Halafu wanasimama kimya kabisa na kusikiliza. Kila mutu lazima ajue sauti ya imbwa yake kati ya zote, kama vile mama anavyojua kilio cha mutoto wake. Imbwa ikipata harufu na kuanza kulia, mwenyewe anaitaja kwa sauti. Katika kanuni za United Kennel Club, imbwa ya kwanza kutajwa inaandikiwa pointi 100, ya pili 75, ya tatu 50, ya ine 25. Ikifika ku muti na kubadilisha sauti, mwenyewe anaitaja tena: ya kwanza pointi 125, kisha 75, 50 na 25.

Sasa muangalie vizuri. Pointi hizo hazijakuwa zako bado. Wanatembea mpaka ku muti, muamuzi anamulika. Rakuni ikionekana, pointi zinaongezwa. Muti ukiwa mutupu, pointi zilezile zinatolewa. Kama kuko tundu ao majani mengi na haiwezekani kujua, pointi zinawekwa kando, hazisaidii wala haziharibu. Imbwa yenye kupigana na zingine inatolewa katika mashindano. Na rakuni yenyewe haiuawi. Inaachwa pale juu, watu wanaita imbwa zao na kwenda kutafuta ingine.

Tulipenda sana kanuni hii ya kutoa pointi. Imbwa mwongo inalipisha mwenyewe. Kwetu, imbwa yenye kubweka usiku kucha tunaiita kali, tunaisifu, hata kama asubuhi tunakuta simbiliki wamekula nusu ya shamba. Kule, kubweka bila kitu ni deni.

Wanatafuta nini katika imbwa

Tuliposoma maneno ya wafugaji wale, neno moja linarudi kila mara: bidii. Wanataka imbwa ambayo ukiiachilia inaondoka yenyewe, haigeuki kukuangalia, inakwenda mbali, inatafuta mpaka ipate, na isipopata hapa inaendelea pale. Mvua, baridi, mutoni, hapana kurudi. Na wengi wao wanakubaliana juu ya jambo moja: bidii haifundishwi. Unaweza kufundisha imbwa iache kufuata mbuzi. Unaweza kuifundisha irudi ukiiita. Lakini imbwa yenye haina moyo wa kutafuta, hakuna fimbo wala njaa itautia. Inazaliwa nao ao haizaliwi nao. Wandugu wenye kunyima imbwa chakula ili ikuwe kali, hapa ndipo tunawaomba muache. Imbwa yenye njaa inatafuta chakula, haitafuti makako.

Baada ya bidii wanaangalia pua. Kuko imbwa zenye kushika harufu ya zamani, ya saa nyingi, na kuifuata polepole. Kuko zingine zenye kungoja harufu mpya na kukimbia nayo mbio. Kisha wanaangalia sauti, kama inasikika mbali na inajulikana. Kisha ukweli, kama ikisema "iko hapa," nyama iko pale kweli. Na mwishoni tabia: isipigane, isiume watu, isifuate nyama zingine zisizo za kazi.

Namna ya kuchagua

Sasa tunafika ku swali ya komite. Mubinafsi anapotaka kununua mutoto wa imbwa, kitu cha kwanza kinachovuta jicho ni cheo cha baba. Kule wako na vyeo, kama vile Nite Champion na Grand Nite Champion, na vinaandikwa mbele ya jina. Lakini cheo kinachanganya vitu vitatu: damu ya imbwa, kazi ya mwenye aliifundisha, na bahati ya usiku ule. Damu peke yake ndiyo inapita kwa mutoto. Mufundishaji anabaki kwake, na bahati inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo mufugaji mwenye akili anauliza maswali mengine. Anauliza kwanza mama. Watu wanasahau jike, kumbe nusu ya damu inatoka kwake, na juu ya hiyo anakaa na watoto wiki nane na kuwapa tabia zake za kwanza. Anauliza ndugu za tumbo moja. Tumbo ikiwa na watoto saba, mumoja bingwa na sita wavivu, ule bingwa ni wa kushangilia lakini si wa kuzalisha kwa haraka. Tumbo yenye watoto saba, na watano wanafanya kazi vizuri bila hata mumoja kuwa na medali, hiyo ndiyo ya kukimbilia.

Kisha anauliza watoto. Tupige hesabu pamoja, kwa mufano tu. Dume ya kwanza imezaa watoto 200, na 10 wanafanya kazi vizuri. Dume ya pili imezaa watoto 16, na 8 wanafanya kazi vizuri. Ku tangazo, dume ya kwanza inaonekana kubwa, sababu ina watoto 10 wenye sifa. Lakini 10 kati ya 200 ni 5 kwa mia, na 8 kati ya 16 ni 50 kwa mia. Wewe unanunua mutoto mumoja tu. Unataka kutoa mukono mu gunia gani? Papa wetu wa dola 120 aliuziwa mbuzi ndani ya gunia, sababu alionyeshwa picha ya baba tu, na hakuna aliyemuambia ndugu wa ile imbwa wako wapi na wanafanya nini.

Tunasikia jibu: "Mutoto wa nyoka ni nyoka." Ndiyo, lakini nyoka gani? Mutoto anapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na zile nusu zinachanganywa upya kila mara. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Imbwa moja inaweza kutudanganya. Familia nzima haidanganyi kwa urahisi.

Unachohesabu ndicho utavuna

Hapa tunatoa maoni yetu yenye nguvu zaidi. Mashindano ya Wamarekani ni mazuri, lakini yana hatari, na wafugaji wenyewe wanabishana juu yake. Kanuni inalipa imbwa ya kwanza kulia na ya kwanza kufika ku muti. Basi mwaka kwa mwaka, mwenye kutaka kushinda anachagua imbwa ya haraka. Ile ya polepole yenye pua ya ajabu, yenye kushika harufu ya zamani, inabaki nyuma ku pointi, hata kama mukulima angeipenda zaidi.

Ilifika mahali watu walitengana. Bluetick na English zilikuwa zinaandikwa pamoja. Wafugaji wa Bluetick waliona mwelekeo unakwenda kwa imbwa za mbio na harufu mpya, wakakataa. Walitaka kubaki na imbwa yao ya sauti nzito, yenye uvumilivu, yenye kusoma harufu ya zamani. Mwaka 1946 Bluetick ikaandikwa peke yake. Mwaka mumoja mbele, 1945, Treeing Walker nayo ilikuwa imetengwa na English. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba kila kundi lilipata imbwa ililokuwa linahesabu.

Hivyo na sisi. Tukihesabu ukubwa wa mwili, tutapata imbwa kubwa zenye kumaliza ugali. Tukihesabu kelele, tutapata kelele. Tukihesabu nyama zilizouawa, tutapata imbwa zenye kuingia mu parke na kutuletea kesi. Tukihesabu siku ambazo shamba ililala salama, pole pole tutapata imbwa zenye kulinda shamba.

Hatari ya dume moja kwa wote

Hatari ya pili ni sifa yenyewe. Dume ikishinda, kila mutu anataka mbegu yake. Baada ya miaka kumi, imbwa za eneo nzima ni watoto, wajukuu na vitukuu vyake. Halafu jike haipati tena dume isiyo ndugu yake. Dume ikipandishwa na binti yake, ao kaka na dada wa tumbo moja, kwa wastani robo ya damu ya mutoto, yaani 25 kwa mia, inakuwa nakala mbili za kitu kilekile. Kwa ndugu wa baba mumoja ni 12 na nusu kwa mia. Kama ndani ya damu ile kulikuwa ugonjwa umefichama, hapo ndipo unatokea juani.

Jambo hili lina ushuhuda unaotoka hapa kwetu. Imbwa ndogo za pori ya Congo, zenye masikio yaliyosimama na mukia uliokunjwa, zenye hazibweki kama zingine na zinafungiwa kengele ya muti shingoni wakati wa kuwinda, zinajulikana dunia nzima kwa jina Basenji. Waingereza walizichukua hapa katika miaka ya 1930, na baadaye zikafika Marekani. Zilizoanzisha ukoo ule ng'ambo zilikuwa chache sana. Wakazizalisha kati yao, wakachagua nzuri kwa macho, na magonjwa ya damu yakatokea: moja inaharibu figo mpaka sukari na vitu vizuri vya mwili vinatoka na mukojo, ingine inamaliza damu.

Wakafanya nini? Walirudi hapa. Mwaka 1987 na 1988, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, wafugaji kutoka Marekani walikuja kaskazini-mashariki, mpaka kwa Wazande, kutafuta imbwa za vijiji. Zingine waliziita Avongara, kwa jina la ukoo wa watawala wa Wazande. Mwaka 1990 shirika lao, American Kennel Club, likafungua kitabu chake ili kupokea damu ile mupya. Wandugu, tufikiri kidogo. Watu wenye pesa, wenye maabara, walipanda ndege kuja kutafuta imbwa ambayo sisi tunairushia mawe ku soko. Na sisi tunatoa dola 120 kwa imbwa ya muji yenye haijawahi kuona makako.

Tunachopendekeza

Hatuombi koperative zianze mashindano ya usiku kama Wamarekani. Tunaomba tuchukue akili yao, tuache makosa yao.

Kwanza, kaye moja. Kila koperative iwe na kaye ya imbwa za kulinda mashamba, na mutu mumoja wa kuishika. Ndani yake: jina ya imbwa, mama yake, baba yake kama anajulikana, mwezi ilizaliwa, na mwenye nayo. Kila musimu tuandike mambo mane tu: nyama waliingia mara ngapi, imbwa iliondoka yenyewe mara ngapi bila kusukumwa, ilibweka bure mara ngapi, na kama iliuma mutu ao kuku ao mbuzi. Asiyejua kuandika aseme, mutoto wake ataandika.

Pili, isizalishwe imbwa ambayo haijafanya kazi. Tungoje ipite misimu miwili na ifikishe karibu miaka miwili. Mimba ya imbwa ni siku karibu 63, kwa hiyo kuko wakati wa kutosha wa kupanga. Watoto wasitolewe kwa mama mbele ya wiki nane.

Tatu, tubadilishane madume. Kijiji kimoja kisikae na dume moja miaka yote. Koperative jirani iko na imbwa nzuri isiyo ndugu ya zenu, muombane. Tunapendekeza kwamba dume moja isizalishe zaidi ya matumbo matatu katika kijiji kimoja, hata ikiwa bingwa wa dunia. Na baba na binti, kaka na dada, hapana.

Ine, imbwa ya shamba ikae ku shamba. Kazi yake ni kufukuza na kutangaza, kama ile ya rakuni inavyosimama chini ya muti bila kuua. Kuwinda ndani ya parke ni kosa mbele ya sheria, na nyama wengine wanalindwa hata inje ya parke. Mwenye kupeleka imbwa kule anaharibu jina ya koperative nzima.

Tano, chanjo ya ugonjwa wa imbwa wenye wazimu. Imbwa ipate chanjo kuanzia miezi mitatu, na irudishwe kila mwaka kadiri munganga wa nyama atakavyosema. Mutu akiumwa, kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha akimbizwe ku santé siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa ule ukishaonekana mwilini, kupona ni nadra sana. Tusilinde mahindi tukipoteza mutoto.

Kwa wenye hawakubaliani nasi

Tunajua wengine watasema: "Nyie wagronoma, imbwa inakula chakula ya watoto." Ni kweli inakula. Kwa hiyo hatutaki imbwa nyingi, tunataka chache zenye kufanya kazi, tena za mwili mudogo za hapa kwetu. Kila mumoja apige hesabu nyumbani kwake: debe ngapi za mahindi alipoteza musimu uliopita, na siku ngapi mutoto alikosa masomo. Aweke hesabu ile upande mumoja, na ugali wa imbwa moja upande wa pili.

Wengine watasema kaye ni kazi ya wazungu. Lakini yule mama wa mukutano alikuwa na kaye yake katika kichwa: mama, nyanya, na kazi ya kila moja. Shida ni kwamba siku kichwa kile hakitakuwapo, maarifa yote yataondoka nacho. Tunataka tu kuyaweka ku karatasi. Na kaye ileile itatusaidia kuchagua mbuzi dume ya koperative. Huko pia tumezoea kuchagua pembe na rangi, bila kuuliza majike waliozaliwa naye wanazaa watoto wangapi na wangapi wanabaki wazima.

Mwezi uliopita tulipita tena kwa koperative ile. Imbwa ya dola 120 ingali inabwekea kinga, na mwenyewe sasa anacheka. Alikwenda kwa ule mama kuomba mutoto wa imbwa. Mama hakukataa, lakini alimuambia mambo mawili: angoje, sababu jike yake imepumzishwa musimu huu, na dume itatoka kijiji cha pili, kwa hiyo wakae kwanza wote wawili na komite, waandike. Papa alinunua kaye siku ileile ku soko, franga 1000. Ni bei ndogo kuliko ile ya kwanza.

Katika kijiji chenu, imbwa gani inalinda kweli, na mama yake ni ipi? Muiandike, na mutuonyeshe tukipita. Tutafurahi kuisoma, hata kama ni mistari mitatu tu.